Maswali ya Wasomaji: STI yangu nimeipamba mpaka basi, mbona hainunuliki?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni kijana wa Malindi, nakaa Shela huku karibu na bahari. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2008, ile hachibaki, gia sita za mkono, nlinunua kwa mtu Mombasa ikiwa stoku kabisa, hata redio ilikua bado inaongea Kijapani. Tangu hapo nimeweka eksozi kubwa kuanzia kwa tabo mpaka nyuma, katalaiza ile ya kusafisha moshi nimetoa, nikaweka blo-ofu ya kupumulia nje, nikafunga koilova, zile springi na shokabu za kupandisha na kushusha gari, nikaishusha, rimu mpya, spoila, na rangi ilikua nyeupe sai ni bluu. Ukipiga hesabu nimeingiza kama laki saba bila bei ya gari yenyewe. Sasa nataka kuoa, alafu tuna boti ya familia inataka injini, kwa hiyo naiuza. Nimechukua bei nlonunulia nikaongeza zile laki saba nikapunguza kidogo. Watu wanakuja, wanaisifu, wanapiga picha, wananambia niikanyage wasikie mlio, alafu wanaondoka. Mmoja alinipa bei utadhani hajaona kazi yote nlofanya. Ami yangu anasema nitoe kila kitu irudi vile ilivyotoka Japani. Nifanyeje?
*Kijana wa Shela, Malindi*

JIBU: Wa alaykum salaam kijana wangu, na Mungu akufanyie wepesi kwa hilo jambo la ndoa. Ami yako yuko karibu sana na ukweli, ila si kila kitu cha kutoa, na kabla hujashika spana kuna mambo ya kuelewa manake ukikosea mpangilio utapoteza pesa mara mbili.

Zile laki saba zisahau kama sehemu ya bei ya gari. Hazirudi kwa njia hiyo, si kwako peke yako, ni kwa kila mtu aliyewahi kumodifai gari. Mtu anayetafuta STI kwa pesa zake mwenyewe ana ladha yake, rimu zako hazipendi, bluu yako anaona bora ile nyeupe, na mbaya zaidi kila kitu ulichobadilisha yeye anakiona kama swali: nani alifunga hii, alijua anachofanya, na injini imeishi vipi tangu siku hiyo. Wale wanaokuambia uikanyage wanapenda mlio, sawa, lakini wanasikiliza pia kama kuna kitu kinagonga huko ndani. Wakishindwa kujua wanaenda zao, na hawatakuambia sababu kwa sababu ya heshima.

Lakini vile vitu vikiwa vimetoka kwa gari vinakua na soko lake. Koilova nzuri, rimu, eksozi, kila kimoja kina mtu wake Mombasa au Nairobi anayekitafuta hicho tu. Kwa mfano rimu zako: STI ya mwaka huo inatumia bolti tano kwenye duara la milimita 114.3, wakati Impreza za kawaida za wakati huo ni tano za 100, kwa hiyo unapotangaza andika hivyo waziwazi, usije ukapigiwa simu na kila mwenye Impreza mpaka uchoke. Swali langu kwako ni moja, spea zako za stoku ziko wapi? Kama umezihifadhi pale nyumbani una bahati kubwa. Kama uliziacha kwa fundi, nenda leo ukaulize. Kama ziliuzwa, anza kutafuta kwa wale wanaokata gari Mombasa, hata kama ni shokabu na springi za mitumba zilizo na afya, na daunpaipu, ile paipu ya moshi inayotoka kwa tabo, yenye katalaiza yake.

Sasa twende kwa injini, hapa ndio roho ya jambo lenyewe na ntakaa kidogo.

Gari yako ina EJ207, lita mbili na tabo, farasi 308 za Kijapani kutoka kiwandani. Wajapani waliipimia petroli yao ya haioki ambayo inauzwa ikiwa na okteni 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Injini ikipewa petroli ya okteni ndogo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, sensa inasikia kule kugonga na kompyuta inarudisha taiming nyuma kujiokoa. Ikiwa stoku inavumilia. Wewe sasa umetoa katalaiza na kupanua njia ya moshi, tabo inazunguka kwa wepesi kuliko ilivyopangwa, presha inapanda kupita kiwango, na kompyuta bado inafuata hesabu ya zamani. Hewa inakua nyingi, petroli haitoshi, joto linapanda. Pistoni za EJ nyingi ni za kumiminwa, sio za kufuliwa, na sehemu inayovunjika kwanza ni ile kingo nyembamba katikati ya ringi na ringi, mara nyingi silinda ya nne. Ikivunjika hutasikia kishindo. Gari inaanza kula oili, moshi wa bluu kidogo asubuhi, nguvu inapungua polepole, na mwenyewe anadhani ni plagi.

Kwenye barua yako hukutaja popote kwamba gari ilityuniwa, yaani kompyuta yake kupangwa upya, baada ya hizo kazi. Umetaja spoila lakini tyuni hukutaja. Kama haikufanywa basi acha kuikanyaga kuwaonyesha wateja, wallahi acha leo, hata ile safari ya jioni kwenda Sabaki kufungua gia ya nne usiende.

Na hiyo blo-ofu ya nje, najua vijana wanaipenda sana ule mlio wa tsss ukibadilisha gia, ila kwa hii gari haifai na sababu yake iko hivi. Karibu na boksi ya filta ya hewa kuna sensa inayohesabu hewa yote inayoingia. Ikishahesabu, kompyuta inaandaa petroli ya hewa hiyohiyo. Ukiachia mguu, valvu ya kiwanda inairudisha hewa ndani ya paipu, hesabu inabaki sawa. Yako inaitupa nje, petroli imeshatolewa na hewa haipo tena, kwa hiyo kila ukibadilisha gia unapata moshi mweusi kidogo na gari inakohoa, alafu plagi zinashika masizi. Mteja anayejua Subaru akiona hiyo kitu chini ya boneti anapunguza bei kichwani kabla hajafungua mdomo. Rudisha ile ya kiwanda.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Rudisha blo-ofu, rudisha daunpaipu yenye katalaiza, ile eksozi ya nyuma kama haipigi kelele za kupita kiasi unaweza kuibakisha, wengi wanaipenda, ila ule mlio wa kudunda wa bokseri, yaani injini ya kulala ya Subaru, usiutafute hapa manake unatokana na manifoldi yenye paipu zisizolingana urefu, na STI hizi za Japani paipu zake zinalingana. Ukishafanya hivyo peleka gari kwa fundi anayetyuni Subaru kwa kompyuta, si yule wa kuzima taa ya injini kwenye dashibodi tu, Malindi sijui kama utampata kwa hiyo jipange kwa safari ya Mombasa au Nairobi, aipimie petroli yetu. Hii ndio pesa pekee ningekushauri uongeze kwa hii gari. Alafu mwambie apime kompresheni silinda zote nne na uvujaji, akuandikie kwenye karatasi yenye tarehe, kilomita na muhuri. Namba zikiwa zinakaribiana, hiyo karatasi itakuuzia gari kuliko spoila. Zikiwa hazikaribiani, moja iko chini sana, basi uza ukisema wazi kwamba injini inataka kufunguliwa na upange bei ya hivyo. Usimfiche mtu. Mji wetu ni mdogo, na hata aliyetoka Nairobi atakutafuta.

Pia tafuta risiti zote ulizo nazo. Taiming belti ilibadilishwa lini? Japani inahesabiwa kilomita 100,000, lakini mpira unazeeka hata gari ikiwa imesimama, na joto letu hili linaongeza. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Kama huna ushahidi ibadilishe na rola zake na pampu ya maji, mteja wa STI atauliza hilo swali la kwanza au la pili. Oili nayo, angalia stiki kila unapojaza petroli, EJ yenye tabo inakunywa kidogo na ikipungua wakati unakata kona kwa kasi, beringi za konrodi ndio zinaumia.

Kitu ambacho watu wa bara hawakijui ni chumvi. Unakaa Shela, upepo wa bahari unakupiga usiku na mchana. Inama chini ya gari na tochi, angalia ndani ya matao ya gurudumu za nyuma, pale chuma mbili zinapokutana na kuna ule uji mgumu wa kuziba. Ukikuta rangi imevimba vipele vidogo, bonyeza na bisibisi. Kama inaingia, kuna kazi. Koilova zako pia, zile nati za kupandisha na kushusha ni aluminiamu imekaa juu ya chuma na katikati kuna hewa ya chumvi, zinashikana mpaka hazitoki ila kwa moto. Paka dawa ya kutia ulaini sasa hivi, siku mbili tatu kabla ya kuzifungua. Ukiosha chini usitumie maji ya kisima, visima vingi vya huku pwani vina chumvi na utakua unaongeza ulichokua unakitoa. Tumia ya mfereji, yale ya Baricho.

Rangi. Hapa kuna mtego ambao labda hukuufikiria. Logibuku yako, ile hati ya umiliki, inasema nyeupe au bluu? Kama bado ni nyeupe, gari na karatasi haziongei lugha moja. Ingia kwa akaunti yako ya NTSA, ile mamlaka ya usafiri, kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, uombe kubadilisha maelezo ya gari, ipelekwe ikakaguliwe, logibuku itoke ya bluu. Fanya hivyo kabla ya kutangaza. Mteja makini akiona rangi tofauti anafikiria gari ya wizi au iliyopata ajali mbaya ikapakwa upya, na hapo hata ueleze vipi moyo wake umeshatoka. Na kama una zile picha za kabla na wakati wa kupakwa rangi, za milango ikiwa imefunguliwa na hakuna dalili ya kugongwa, zitoe kwa simu uziweke pamoja.

Kuhusu bei sasa, usikate tamaa, una kitu cha kujivunia. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo gari ya 2008 haijaingia tena tangu 2016 ilipoanza. Zilizobaki ni hizi tulizo nazo, na kila mwaka chache zinapigwa na kukatwa spea. Subaru yenyewe ilianza kuunda EJ20, ukoo wa hii EJ207 yako, mwaka 1989 na STI ya mwisho yenye injini hiyo Japani ilitangazwa 2019, toleo la magari 555 tu. STI hachibaki safi, iliyo karibu na stoku, yenye karatasi zake, haishuki bei kama Mark X au Axio. Lakini neno ni safi. Angalia zile zinazouzwa sasa hivi zikiwa stoku Mombasa na Nairobi, anzia hapo, ndipo upange yako. Malindi wanunuzi wa gari hii ni wa kuhesabu, wengi huku wanatafuta Probox ya kubeba samaki na miraa, na hao Waitaliano wetu ukimpata mmoja anayeipenda basi ni bahati. Tangaza kwa watu wa Nairobi na Mombasa, na uwe tayari kuendesha kilomita kama 120 mpaka Mombasa kwa mteja aliye makini.

Picha piga asubuhi mapema, jua la pembeni, gari iwe imeoshwa na kukauka. Piga na mapungufu. Mkwaruzo wa bampa upige picha. Kwenye tangazo orodhesha kilichobadilishwa na kilichorudishwa, na sema wazi spea gani zinauzwa peke yake.

Siku ya kuuza, mteja asiendeshe peke yake, kaa naye na ubaki na kitambulisho chake. Injini ipate joto kwanza kabla hajakanyaga, na ikirudi iache izunguke kidogo kabla ya kuzima, tabo imeiva. Pesa zionekane kwa akaunti yako, usiamini ujumbe kwenye simu ya mtu wala cheki ya kawaida, piga simu benki uthibitishe. Andikeni mkataba mbele ya wakili, na muandike saa ya kukabidhi, si tarehe tu, manake akigonga mtu Mtwapa jioni hiyohiyo lazima ijulikane gari ilikua ya nani. Alafu wewe ndio unaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen, yeye anakubali upande wake. Usikubali ile ya kumuachia akabadilishe mwenyewe akipata nafasi. Sheria ya Trafiki inampa siku 14 tu kuiendesha bila kusajiliwa kwa jina lake, na kamera na polisi watamtafuta mwenye jina.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Lamu. Mdogo wangu wa kiume ameonyeshwa Impreza hachibaki, muuzaji anasema ni STI, ina beji ya pinki na lile tundu la boneti. Gari itakua inaegeshwa Mokowe kwa sababu hapa kisiwani huwezi kuingia nayo. Mimi ndio natoa sehemu kubwa ya pesa na sijui kitu. Tuangalie nini?
*Dada mtu, Lamu*

JIBU: Marahaba mwalimu. Beji ni kitu cha kubandika, na tundu la boneti linakuja pia na ile S-GT ambayo ni gari nzuri ila si STI, ina farasi 250 na bei yake iko chini kabisa. Mwambie mdogo wako afungue boneti aangalie namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi. Ikianza na GRB ni STI. Ikianza na GH8 ni S-GT. Akague na gia, STI ya mkono ina sita, S-GT ina tano au otomatiki. Alafu namba hiyo ilingane na logibuku herufi kwa herufi, na jina la kwenye logibuku liwe la mtu mnayezungumza naye, fanyeni upekuzi wa gari kwenye eCitizen kabla ya kutoa hata senti ya kishika nafasi.

Waende asubuhi na muuzaji asiiwashe kabla hamjafika. Mguse injini kwa mkono, kama ina joto rudini kesho. Ikiwashwa baridi sikilizeni: mlio wa kugonga mzito unaofuata mwendo wa injini hata mkikanyaga kidogo, ondokeni. Moshi wa bluu, ondokeni. Muulize karatasi ya mnada wa Japani, nyingine zilitoka mikoa ya theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani na chini zilishaanza kuliwa kabla hazijafika Mombasa.

Kuhusu Mokowe, gari ikikaa wiki bila kutembea karibu na maji disiki za breki zinashika kutu na pedi zinagandana nazo. Msivute hendibreki, wekeni gia na mawe kwa gurudumu. Tenki lijae ili hewa yenye unyevu isikae ndani, betri ifunguliwe waya mmoja, na msifunike na turubai la plastiki manake linafungia unyevu chini yake, tafuteni la kitambaa. Mkishindwa kuihudumia hivyo, mwambie mdogo wako aangalie gari isiyo na tabo, na hili nalisema kwa sababu pesa ni zako.

SWALI: Bima yangu ni komprehensivu. Gari ikiibiwa watanilipa rimu na koilova?
*Msomaji wa Watamu*

JIBU: Watakulipa kilichoandikwa. Kama hukuwaambia umebadilisha, rimu hazimo, na kuna hatari waseme ulificha kitu muhimu wakukatalie na gari nzima. Omba tathmini upya, mwambie mtathmini aorodheshe kila kitu na risiti zake, alafu peleka hiyo ripoti kwa kampuni yako wakupe kwa maandishi kwamba imeongezwa kwenye mkataba wako wa bima. Malipo ya mwaka yatapanda kidogo. Nakala moja ya barua hiyo usiiache ndani ya gari.